Mheshimiwa, tupangie tarehe ya moto: barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Lindi

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, salaam.

Mimi ni mfugaji wa Liwale. Kila mwaka tunatangaziwa kwamba ni marufuku kuchoma moto ovyo, na kila mwaka ikifika Septemba na Oktoba watu wanasafisha mashamba ya ufuta, moto unawaponyoka, malisho yanateketea. Siombi katazo jingine. Naomba tarehe: kuchoma kuruhusiwe na kusimamiwe Mei na Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu, kisha kufungwe.

Sababu iko ardhini. Udongo hupitisha joto polepole, kwa hiyo moto wa nyasi unaopita haraka huacha mizizi salama sentimita chache tu chini. Unaoharibu ni moto unaokaa. Mwezi wa kumi hata magogo yamekauka, na gogo la mtondoro likishika moto linaweza kufuka kutwa kucha. Fukua chini yake utakuta udongo umegeuka mwekundu. Hapo joto limepita nyuzi mia kadhaa. Mboji huanza kuungua kwenye nyuzi 200 hivi, na naitrojeni iliyomo hupotelea hewani. Vijidudu vinavyoozesha majani na samadi hufa mapema zaidi, wengi wao kabla ya nyuzi 120.

Wafugaji wenzangu husema majivu ni mbolea. Ni kweli, yana potasiamu na kalsiamu, na ndiyo maana nyasi huchipua kijani kibichi. Lakini majivu ya Oktoba hukaa juu ya ardhi tupu, na mvua kubwa ya kwanza huyasomba hadi mtoni.

Ukitutembelea baada ya moto, Mheshimiwa, futa majivu palipoungua sana, kwaruza kidogo, umwage maji ya kikombe. Mara nyingi utayaona yamesimama juu ya mchanga kama shanga, hayanywewi. Nta ya majani yaliyoungua hugeuka mvuke, hushuka na kugandia kwenye chembe za udongo, na udongo wa kichanga ndio unaoathirika zaidi. Mvua inakuja, nasi tunaikosa! Maji yanakimbilia korongoni na ng'ombe wanabaki na vumbi.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 tayari inataka anayechoma awe na kibali. Tatizo ni kwamba mtu wa kijijini hajui kibali hicho akiombe kwa nani, tena lini. Vijiji kadhaa vya Kilwa vyenye misitu yao vimekuwa vikichoma mapema kwa mpango, kwa hiyo uzoefu tunao humu humu mkoani.

Basi naomba haya yaagizwe kabla ya Mei: kila serikali ya kijiji itangaze siku zake za kuchoma kwenye mkutano mkuu, wakulima na wafugaji tukiwa pamoja, eneo lililochomwa mwaka huu lipumzike mwakani, na anayesafisha shamba la ufuta alime kwanza ukanda wa kuzuia moto kulizunguka, majirani wakiwepo siku ya kuwasha. Sisi wafugaji tuko tayari kutoa vijana wa kulinda.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mfugaji, Liwale