Taarifa ya Mwenyekiti wa Tawi la Simba, Mkutano Mkuu wa Mwaka, Morogoro, Julai 2025

Ndugu wanachama, wazee wa tawi, akina mama, vijana wa hamasa: Simba, nguvu moja.

Kwa desturi mwenyekiti huanza na mambo ya tawi, timu ikafuata. Mwaka huu nageuza, maana hakuna aliyekuja hapa kusikia habari za viti vya plastiki wakati kipigo cha Yanga cha Juni 25 bado kimemkaa kooni. Tuanze na timu. Ya tawi yatafuata, na hesabu mhazini atazisoma mwenyewe.

Tumemaliza ligi nafasi ya pili kwa pointi 78. Watani wetu Yanga wamechukua kwa 82, ubingwa wao wa nne mfululizo, na kelele zao mnazisikia kila mkipita kijiweni. Sasa hebu tuzifungue hizo 78. Mechi 30, tumeshinda 25, sare 3, tumepoteza 2. Sare ya kwanza ni ya Coastal Union, tuliongoza 2-0 ikaisha 2-2. Ya pili Fountain Gate kule Babati, 1-1. Ya tatu Azam, 2-2, walisawazisha jioni kabisa watu wameshaanza kutoka. Na hizo mbili tulizopoteza zote ni za Yanga: Oktoba 19 bao la kujifunga la Kijili dakika za mwishoni, halafu hiyo ya Juni 25, penalti ya Pacome na bao la Mzize. Kwenye timu nyingine 14 za ligi hii hakuna hata moja iliyotushinda.

Wenye simu wafungue kikokotoo. Mechi zile mbili zingeisha sare tu, wala sisemi ushindi, sisi tungekuwa na 80 na wao 78. Kombe lingekuwa Msimbazi, makao ya klabu yetu.

Ndiyo maana nikisikia mtu anasema timu nzima ifumuliwe, wote wapewe "thank you", yaani waachwe, nashindwa kumwelewa. Timu inayoshinda mechi 25 kati ya 30 haina ugonjwa wa mwili mzima. Ina ugonjwa wa mechi moja, na ugonjwa huo tunao tangu Novemba 5, 2023, siku Yanga walipotufunga tano. Baada ya ile 5-1 ikaja 2-1 ya Aprili 2024, ikaja 1-0 ya Ngao ya Jamii Agosti, ikaja ya Kijili, ikaja hii. Mara tano mfululizo. Msimu mzima uliopita, Ngao ikiwemo, tumecheza na Yanga dakika 270 bila kupata bao. Bao la mwisho tulilowafunga ni la Freddy Michael, Aprili 20, 2024, na Freddy mwenyewe tulishamwacha. Hapo ndipo penye kazi ya usajili, sio kwingine.

Kuhusu Afrika nitasema kwa kifupi kwa kuwa wengi mlikuwepo, ila niseme kwa heshima inayostahili. Kwa miaka tumekuwa watu wa robo fainali. Tulifika 2019 tukatoka, 2021 tukatoka, 2022, 2023, 2024, kila mara tunaishia mlango uleule. Mwaka huu, kwenye Kombe la Shirikisho, Al Masry walitupiga 2-0 kule Suez, tukawarudishia 2-0 kwa Mkapa kwa mabao ya Mpanzu na Mukwala, na kwenye penalti Camara akafanya kazi iliyomleta. Stellenbosch tukawatoa kwa faulo moja ya Ahoua pale Amaan na uvumilivu wa dakika 90 Durban. Tukaingia fainali ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1993, mwaka ambao Stella ya Abidjan walikuja kutufunga 2-0 hapa nyumbani baada ya suluhu ya kwao. Wazee waliokuwepo uwanjani siku ile bado wanaizungumzia kwa sauti ya chini. Na Ahoua tulimtoa klabu hiyohiyo ya Stella, kwa hiyo wametulipa angalau kidogo.

Fainali yenyewe tuliipoteza Morocco, kwa RS Berkane. Mabao mawili ndani ya robo saa ya kwanza, timu bado haijajua nyasi za Berkane ni ndefu au fupi. Marudiano yakahamishiwa Zanzibar kwa sababu uwanja wa Mkapa haukuwa katika hali nzuri, na hilo limetuuma sana sisi wa bara, maana Amaan ni pazuri ila haibebi watu wa kwa Mkapa. Mutale akafunga mapema. Kagoma akatolewa kwa kadi nyekundu, Mukwala akafunga VAR ikakataa, na wao wakasawazisha dakika za nyongeza. Jumla 3-1. Kulia tulilia, ila aibu hapana.

Narudi kwenye mtazamo wa msimu ujao, ambao ndio wengi mmeniulizia.

Kwanza kocha. Kamati ya tawi inataka Fadlu Davids abaki na apewe msimu wa pili. Hesabuni wenyewe tangu Oktoba 2021 alipoondoka Gomes: Pablo, Zoran, Mgunda, Robertinho, Benchikha, Mgunda tena, ndipo akaja huyu. Kila anayekuja anakuja na orodha yake, na kila orodha inafuta ya mwenzake. Julai iliyopita tulileta kikosi karibu kizima: Ahoua, Mukwala, Mutale, Debora, Camara, Okejepha, Nouma, Chamou, baadaye Ateba na Mpanzu. Vijana wasiojuana, wakapelekwa kambi ya Ismailia, na mwaka uleule wamekaribia ubingwa na kufika fainali ya Afrika. Mwaka wa pili wakijuana itakuwaje?

Najua mtanijibu kwamba hata Yanga wamebadilisha makocha, tena msimu mmoja: Gamondi, Ramovic, Hamdi. Ni kweli. Lakini tazameni uti wa mgongo wao. Diarra golini na Aucho katikati wapo tangu 2021. Job wamekuwa naye tangu mwaka huohuo, na sisi wa Morogoro tunajua alitokea wapi, Mtibwa hapo. Bacca alifuata Januari 2022. Kocha anakuja anawakuta, anaondoka anawaacha. Na sisi miaka yetu minne ya ubingwa, 2018 hadi 2021, tuliipata hivyohivyo, na Manula, Kapombe, Tshabalala, Mkude, Bocco, Chama, mtu anataja kikosi bila kuangalia karatasi. Hatukuvumbua kitu kipya wakati ule, tuliacha watu wazoeane.

Pili, nani aje. Sisi tawi hatusajili, na msiniletee majina ya kwenye mitandao, maana tetesi za dirisha hili zimeshatosha kuunda timu tatu. Nasema nafasi tu. Mshambuliaji ambaye mechi ya watani haimtetemeshi, huyo wa kwanza, hata kama atakula bajeti ya watu wawili. Ateba na Mukwala wamefunga mabao mengi ya ligi na sitaki wadharauliwe, ila kwa Yanga wote wawili walifichwa mfukoni. Beki wa kati mwenye sauti, wa kuwapanga wenzake pale mechi inapokuwa na joto. Kiungo mkabaji wa kusaidiana na Kagoma, maana tuliona Zanzibar alipotoka katikati pakabaki uwazi. Na kipa wa pili wa kumpa Camara presha. Wanne, watano wakizidi sana. Ahoua aliyefunga 16 na kuwa mfungaji bora wa ligi asiguswe kwa bei yoyote ya kawaida.

Tatu, nahodha. Mohamed Hussein, huyohuyo Tshabalala, yuko nasi tangu 2014 alipotoka Kagera Sugar, na mtaani kila siku kuna jipya juu ya mkataba wake. Msimamo wa mwenyekiti ni abaki. Lakini mpira ni kazi na mtu ana familia. Akiondoka, popote atakapokwenda, sitaki kuona kijana wa tawi hili anachoma jezi yenye jina lake kwa ajili ya kamera. Mwaka jana Chama alipovuka barabara kwenda Yanga tulifanya fujo hiyo, na haikutuongezea pointi.

Nne, ratiba. CHAN inaanza Agosti 2 kwetu, Kenya na Uganda, na hiyo ni michuano ya wachezaji wanaocheza ligi za ndani, maana yake wazawa wetu watakaoitwa Taifa Stars hawatakuwa kambini na wenzao. Ndiyo sababu wageni wapya lazima wafike mapema. Na Simba Day tusiitegemee Agosti 8 kama tulivyozoea. Subirini tangazo la klabu kabla ya kuomba ruhusa kazini. Kwenye Afrika tunarudi Ligi ya Mabingwa. Msimu wa 2023/24 tulimaliza wa tatu, pointi 69 sawa na Azam, wakatupita kwa mabao, tukashuka Shirikisho. Kurudi huku ni faida ya nafasi ya pili ambayo hamtaki kuisikia.

Sasa ya tawi.

Machi 8. Mechi ya Yanga iliahirishwa siku yenyewe baada ya timu yetu kuzuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mechi, na klabu ikasema haichezi. Sisi tulikuwa Msamvu, Coaster mbili zimewashwa, maandazi ya akina mama yameshafungwa kwenye ndoo. Mwenye magari akasema advansi hairudi, na hakuirudisha. Lawama zimekuwa nyingi. Kamati iliamua waliolipa siku ile wapewe nafasi ya kwanza Juni 25 kwa nusu nauli, na orodha iko kwa katibu, anayedai hakupewa aende akaangalie jina lake. Msimu ujao tutakuwa na makubaliano ya maandishi na mwenye gari yeyote, na mechi za mchana tutatumia treni ya SGR, ni nafuu na hakuna wa kutukatalia advansi. Mtihani utabaki kurudi mechi za usiku.

Viti. Desemba 15, siku tuliyowafunga Sfaxien 2-1 kwa mabao ya Kibu, viti vya kwa Mkapa viling'olewa, na CAF, shirikisho la soka la Afrika, wakatuadhibu. Mechi ya Constantine Januari tukaangalia kwenye runinga wakati timu inacheza mbele ya majukwaa matupu. Sisemi aliyeng'oa alikuwa wetu. Nasema atakayeonekana amefanya hivyo akiwa amevaa tisheti ya tawi atarudisha kadi, na pendekezo hilo limo kwenye ajenda ya sita mlipigie kura.

Jezi. Klabu ina mkataba mpya wa jezi na kampuni ya Jayrutty, shilingi bilioni 38 kwa miaka mitano. Fedha hizo zinategemea mimi na wewe kununua halali. Tawi litakusanya oda za pamoja. Mtu anayenunua ya barabarani halafu anakuja kwenye kikao kudai mshambuliaji wa gharama, nitamwomba akae.

Uanachama. Wanachama tuna asilimia 51 ya klabu kwa makaratasi, lakini kura ni ya mwenye kadi hai. Wengi wenu hapa ni mashabiki wakubwa msio na kadi, na wapo wenye kadi walioacha kulipia zamani. Kamati inapeleka barua Msimbazi kuhusu kocha na kikosi, na barua ya tawi lenye wanachama hai wachache haisomwi mara mbili. Katibu amekaa mlangoni na fomu.

Na habari njema ya mwisho: Mtibwa Sugar wamerudi Ligi Kuu. Popote watakapochagua kuwa nyumbani, Manungu au Jamhuri, tumeomba kamati ya mapambo ianze kufikiria mapokezi ya Mnyama mkoani kwetu. Nawasihi pointi tatu tusiwaachie kwa sababu ya ujirani.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti wa Tawi