Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka Tuliobomoa Daraja

Ndugu wanachama, wazee wetu na vijana,

Mikutano ilifanyika, ada zimekusanywa ingawa kwa kusukumana, na mhazini atawasomea hesabu zake mwenyewe, sitamwingilia. Mimi nataka kueleza kwa nini mlipoingia leo hamkuiona ile meza kubwa ya reli yetu ya mfano.

Mnaikumbuka: reli ya kuzunguka, Jinja ya Uganda pembe hii, stesheni ya Mbulamuti katikati, bandari ya Namasagali pembe ile, na daraja la Nile lililotula miezi ya kulehemu. Tukaiita njia ya Busoga. Siku tulipokaribisha wageni, mzee mmoja mstaafu wa reli alilitazama daraja lile kwa muda, kisha akauliza kwa upole, "Wanangu, treni ya Namasagali inavuka mto kwenda wapi?" Nilitamani niingie chini ya meza. Jinja na Namasagali ziko ng'ambo moja ya mto, upande wa mashariki. Daraja ni la 1931, la njia ya Kampala. Reli ya Busoga ilifunguliwa 1912 kwa sababu Nile ikitoka Jinja ni maporomoko matupu, meli haipiti mpaka ufike Namasagali. Kwa hiyo mzigo ulipanda treni, ukayapita maporomoko kwa nchi kavu, ukarudi majini. Kuvuka hakukuwa na kazi hapo.

Kosa la pili tulikuwa tunalijua, tukanyamaza. Kabla mkia wa treni haujatoka Jinja, kichwa kilikuwa kishaingia Mbulamuti. Njia yenyewe ni karibu kilomita 100. Kwa kipimo chetu cha 1 kwa 87 ingetaka ubao wa zaidi ya kilomita moja. Kamati ikakata shauri: safari tuiache, tujenge mwisho wake tu, yaani Namasagali.

Ubao mpya ni vipande viwili, kila kimoja mita 1.2 kwa sentimita 60, vinavyoingia kwenye pikapu bila kugombana na dereva. Vikiunganishwa vinasimama badala ya mita 209 za ardhi. Humo mna gati, ghala la pamba, njia tatu za shantingi, yaani za kupangia mabehewa, na pointi nne za kuhamisha treni njia. Kulia, reli inapita kati ya miembe na kupotelea nyuma ya pazia. Huko kuna trei ya kuteleza ya kufichia treni, nayo ndiyo Jinja, ndiyo Tororo, ndiyo Mombasa. Kushoto ni maji. Mtazamaji sasa haoni treni ikikimbizana na mkia wake. Anaiona ikifika, injini inakatwa, mabehewa yanasukumwa gatini moja moja, marobota ya pamba kutoka bandari za Ziwa Kyoga yanapakiwa, na mizigo ya madukani inashushwa kungoja meli ya Masindi Port. Zamani mzunguko mmoja ulikwisha kabla hujamaliza kupiga chafya. Sasa kazi ya treni moja inatosha birika zima la chai.

Mafunjo ya ukingoni yametoka kwenye ufagio wa katibu, na mkewe bado anautafuta.

Kuna mjadala uliochukua vikao vitatu. Mwenzetu ana mfano wa Garratt, injini kubwa ya mvuke ya aina ya 59, nzuri kweli, na alitaka iingie Namasagali. Injini zile zilikuwa za tani zaidi ya 250, zilijengwa katikati ya miaka ya 1950 kwa ajili ya njia ya Mombasa na Nairobi. Nilimwambia hata gati letu la plaiwudi lingeona aibu. Tumepatana: atakuja nayo siku za wageni, ipite baada ya saa kumi na moja jioni, na mimi nitakuwa nje napunga upepo.

Kuhusu ucheleweshaji, lawama si zetu zote. Duka moja la ng'ambo lilituletea reli za upana wa milimita 9. Reli zetu za kweli zina upana wa mita 1. Ukigawa kwa 87 unapata kama milimita 11 na nusu, ndiyo maana tunatumia za 12. Kuzirudisha kulikuwa ghali kuliko kuzinunua. Tumezikatakata na kuzipanga gatini kama shehena inayosubiri meli, na wageni wanasifu sana.

Meli yenyewe bado ni ya katoni. Tunajua ilikuwa na gurudumu la kusukumia nyuma na kwamba ilisukuma matishali, lakini sitaki tena kuulizwa swali na mzee yule. Tumechagua miaka ya mwisho ya muongo wa 1950, kabla mvua za 1961 hazijapandisha maji, gati likafunikwa na bandari ikaachwa. Mwenye picha ya babu au baba amesimama pale gatini, aje nayo. Tutainakili mbele yake na kumrudishia palepale.

Kazi inaendelea kila Jumamosi saa nane mchana. Kisu kikali aje nacho kila mtu, kile cha chama kimepotea.