Shoga yangu, mwambie aanze na Kaizari

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi, mi mzima na huku nyumbani wote wazima. Nimefurahi kweli uliposema mdogo wako kaanza fasihi ya Kiingereza na anaziogopa hizi tamthilia za enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza, maana we unanijua, nikianza kuziongelea sinyamazi, kwahiyo vumilia barua itakuwa ndefu.

Aanze na Julius Caesar ya Shakespeare, ndo hiyo mi naiita Kaizari. Najua wengi watamwambia Romeo and Juliet kwa sababu ya mapenzi, mi nakataa kabisa. Kaizari lugha yake imenyooka na habari yenyewe hata bibi kijijini ukimsimulia anaielewa: mkubwa kapendwa na watu kupita kiasi, wenzake wanahofia atajifanya mfalme, wanamuua, halafu wanajikuta hawajapanga kesho itakuwaje. Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili ikatoka 1963, yuko madarakani kabisa, na shughuli zote zile alizokuwa nazo, we jiulize alikuwa anaona nini mle ndani.

Unakumbuka mwalimu alivyotugawa, wachache wanasimama mbele wanasoma sehemu za Brutus, mmoja wa wauaji, na Antony, rafiki wa Kaizari, darasa zima lililobaki ndo wananchi wa Roma? Mpaka leo naona ndo namna bora ya kuifundisha ile tamthilia, kwasababu pale kwenye mazishi mhusika mkuu ni umati wala si mwingine. Brutus anaongea kwa lugha ya kawaida isiyo ya kishairi, hoja juu ya hoja, watu wanamkubali mpaka mmoja anapaza sauti awe yeye Kaizari, yaani mtu kaua rafiki yake ili pasiwe na Kaizari na bado hawajamwelewa! Halafu anapanda Antony, anasema nimekuja kumzika tu, sikuja kumsifu, na anarudia kwamba Brutus ni mtu wa heshima, mara ya kwanza unaitikia, mara ya tatu unaanza kusikia kitu kingine, kufika mwisho neno heshima limeshakuwa tusi. Wosia anauonyesha lakini hausomi. Anashuka chini, anawapanga watu wauzunguke mwili, anashika joho la marehemu anaanza kuonyesha matundu, hapa kilipita kisu cha Cassius, hapa Casca, hapa Brutus aliyempenda. Sasa shoga, yeye hakuwepo wakati wanaua, walikuwa wameshamtoa nje kwa ujanja, atajuaje tundu lipi la nani? Na hakuna hata mmoja anayeuliza. Ndo baadaye anausoma wosia, kila raia drakma 75 na bustani za kutembelea, na mji unawaka. Onyesho linalofuata wanamkamata Cinna mshairi, anawaambia jamani mi si yule Cinna muuaji, wanasema basi araruliwe kwa mashairi yake mabaya.

Darasani tulipata maneno, ila nyuso nimezipata kwenye sinema, na hili ndo hasa nataka umwambie. Hizi tamthilia zina watu wengi ambao maandishi yanawaacha kimya, na kimya chao hukioni mpaka mtu akiigize. Chukua ile sinema ya 1953, haina rangi, ya Joseph Mankiewicz, Antony ni Marlon Brando. Anatokea juu ya ngazi kaubeba mwili wa Kaizari mikononi. Akifika pale anaposema moyo wangu uko kwenye jeneza, lazima nisubiri unirudie, anawapa watu mgongo kama mtu aliyeshindwa na kilio, na kamera sasa inatazama uso wake, unamuona anasikiliza wanavyonong'ona nyuma yake, anapima. Kwenye kitabu pale ni nukta tu. Kuna na ile ya 2012 ya Royal Shakespeare Company, kundi la maigizo la Uingereza, Gregory Doran kaihamishia Roma Afrika ya leo, waigizaji wote weusi, Paterson Joseph ndo Brutus na Ray Fearon ndo Antony, na nikiangalia ule umati nawaona watu wa mikutano yetu kabisa.

Ya pili ampe Mabepari wa Venisi, yaani The Merchant of Venice ya Shakespeare huyohuyo, hiyo nayo Nyerere aliitafsiri, 1969. Sisi Shylock, yule Myahudi mkopeshaji, tulimsoma kama mtu mbaya basi, kakopesha sarafu za dukati 3000 kwa dhamana ya mfanyabiashara Antonio, akikosa kulipwa anataka ratili ya nyama ya mwili, na siku ya kesi tukashangilia Portia, mwanamke aliyejifanya mwanasheria, alipomwambia kata nyama lakini damu isidondoke hata tone. Halafu nikaja kuona sinema ya 2004, Al Pacino ndo Shylock. Inaanza Antonio anamtemea mate hadharani, jambo ambalo kwenye tamthilia linatajwa tu kwa mdomo. Na mwisho, Shakespeare anamtoa Shylock mahakamani anasema sijisikii vizuri, hatumuoni tena, wengine wanaendelea na mambo ya pete na ndoa zao. Sinema inamfuata, keshalazimishwa kuwa Mkristo, kasimama peke yake nje na milango ya sinagogi inafungwa. Nililia, sikutegemea kulia kwa ajili ya Shylock.

Doctor Faustus ya Marlowe, mwandishi mwingine wa enzi hizohizo, aiache mpaka awe amezoea, japo ile saa ya mwisho ya Faustus, msomi aliyemuuzia shetani roho yake, anapozibembeleza nyota zisimame muda usiishe, sijaona inayoifikia. Marlowe alichomwa kisu akafa 1593 akiwa na miaka 29 tu, inaniuma kila nikikumbuka, angeandika mangapi yule.

Sasa, sinema asianze nazo. Asome kwanza kwa sauti, nyie mkae sebuleni muwe wananchi wa Roma, mpige kelele bila aibu, maana hata London 1599 watu walilipa peni moja wakasimama wima uwanjani mchana kweupe kuangalia. Akishaisoma ya mazishi ndo awashe ya 1953, halafu ya 2012 siku nyingine, asizichanganye.

Kitabu changu cha Nyerere kiko kwa mama, apite akichukue, nimeshaongea nae. Akikifikia kile kifo cha Cinna aniandikie, nataka kusikia alivyokiona yeye.

Wasalimie wote hapo, watoto wabusu.

Wako wa siku zote