Barua kwa Rehema: Anza Pale Chama Kinapotia Saini

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi sana, na hongera tena kwa kuchaguliwa kuwa katibu wa maadili na mazingira wa chama cha wanafunzi. Barua yako imenifikia pamoja na rasimu ya vipaumbele unayotaka kuipeleka barazani. Nimeisoma yote, kisha nikairudia. Umeniomba nikuambie ninavyoona bila kuzunguka, basi nisikufiche: katika orodha yako sioni hata jambo moja baya, na hapo ndipo panaponitia wasiwasi. Umeweka mirija ya plastiki, upandaji miti, haki za wafanyakazi, taa zinazoachwa zinawaka, benki, nyama, karatasi, baiskeli na mengine mengi. Uongozi wa chama ni wa mwaka mmoja, na sehemu kubwa ya mwaka huo humezwa na mitihani na likizo. Ukiyashika yote, mengi yatakuponyoka.

Ningekuwa wewe ningechagua matatu tu, na ningeyapata kwa kuuliza swali moja: ni wapi chama chenyewe kinatia saini? Dunia ina maovu mengi ambayo hatuna namna ya kuyafikia isipokuwa kwa kupaza sauti. Lakini viko vitu vilivyo mikononi mwetu kabisa, yaani tunavyonunua, fedha tunazotunza, na watu wanaofanya kazi chini ya mikataba yetu. Nenda kwa mweka hazina umwombe daftari la matumizi la mwaka uliopita, uyapange matumizi kuanzia makubwa kwenda madogo. Mirija utaikuta chini kabisa, kama itakuwemo.

Daftari hilo hilo litakusaidia upande wa mazingira. Wanaopima hewa ukaa ya taasisi huigawa katika mafungu matatu: la kwanza ni moshi wa mitambo na magari ya taasisi yenyewe, la pili ni umeme inaoununua, na la tatu ni yote mengine, kama vile bidhaa, safari, chakula na taka. Kwa chama cha wanafunzi, kisicho na kiwanda wala msururu wa magari, fungu la tatu ndilo kwa kawaida hubeba uzito. Ndiyo maana sikushauri kampeni ya kuzima taa iwe jambo lako la kwanza. Bandika tangazo, uendelee na mengine.

Lakini kabla ya hewa ukaa, nakusihi uanze na watu. Nani anadeki ukumbi wa chama? Nani anaosha vyombo vya mgahawa? Ameajiriwa na nani, ana mkataba wa maandishi, analipwa akiugua, anapewa glavu anaposhika dawa za kusafishia? Mara nyingi kazi hizi hupewa kampuni ya nje, na chama husema hayo si yake tena. Ni yake. Zabuni tumeitangaza sisi na bei ya chini tumeifurahia sisi. Muulize mfanyakazi mwenyewe, msimamizi wake asipokuwepo, na usimwahidi kitu kabla hujausoma mkataba. Hili linanigusa kuliko yote, Rehema. Chama kinachopitisha azimio kuhusu wafanyakazi wa ng'ambo huku anayekisafishia choo hana siku ya mapumziko hakina uso wa kumtazama mtu yeyote.

Baada ya hapo njoo kwenye fulana. Vyama vyote hununua fulana: za wageni wa mwaka wa kwanza, za michezo, za uchaguzi. Unakumbuka jengo la Rana Plaza kule Bangladesh, lililoporomoka tarehe 24 Aprili 2013 na kuua washonaji zaidi ya 1,100. Nyufa zilionekana siku moja kabla. Benki na maduka ya chini yalifungwa, lakini washonaji wakaamriwa warudi kazini. Baadaye zikafuata siku za kuchambua kifusi kutafuta lebo, ili ijulikane nguo zile zilikuwa za makampuni gani, kwa sababu baadhi ya wanunuzi walikana kwamba kazi yao ilikuwa ikifanyika humo. Wanafunzi wa Marekani walikuwa wameliona tatizo hili mapema. Muungano wao wa kupinga viwanda vya kunyonya wafanyakazi ulianzishwa mwaka 1998, na mojawapo ya madai yao ya mwanzo lilikuwa dogo kwa sura: vyuo vitajiwe viwanda vinavyoshona nguo zenye nembo zao, jina na mahali. Mwaka 2000 kikaundwa chombo huru cha kukagua viwanda hivyo. Dai lile unaweza kulinakili kesho. Andika katika masharti ya zabuni kwamba mzabuni asiyetaja kiwanda hafikiriwi.

Utakuja kuuliza: je, ukipata fulana ya pamba iliyorejelezwa, nzuri kwa mazingira, lakini muuzaji hataki kusema imeshonwa wapi? Mimi naiacha. Usalama wa anayeshona unatangulia. Halafu jiulize kama tukio lenyewe lilihitaji fulana, kwa maana nyingi huvaliwa siku moja zikaishia kupigia deki.

La tatu ni fedha, yaani benki tunayotumia na wadhamini tunaowapokea. Wenzetu wa zamani walionyesha kwamba jambo hili lina nguvu. Wanafunzi wa Uingereza waliisusia Barclays kwa miaka mingi kwa sababu ya biashara yake katika Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, hata mwaka 1986 benki hiyo ikauza hisa zake za huko na kuondoka. Marekani, Chuo cha Hampshire kilikuwa kimeshaondoa fedha zake katika makampuni yaliyofanya biashara na utawala ule tangu 1977, baada ya wanafunzi kushinikiza. Njia hiyo hiyo ikaja kutumika dhidi ya makampuni ya mafuta na makaa ya mawe, na mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Glasgow kikawa cha kwanza Ulaya kuamua kuondoa uwekezaji wake huko. Tazama urefu wa kampeni ile ya Barclays. Walioianzisha walihitimu wakaondoka, na waliouona mwisho wake walikuwa wengine.

Kwa hiyo usitegemee moyo wako wala wangu. Kila unachokubaliana na baraza kiingie kwenye kanuni za manunuzi, kwenye mkataba na kwenye bajeti, kiwe na tarehe ya kukaguliwa. Sera ya udhamini iandikwe sasa, kabla hakujawa na hundi mezani. Hundi ikishafika watu huanza kupata sababu.

Neno moja la tahadhari. Usimtwishe mwanafunzi maskini gharama ya msimamo wetu. Ukipiga marufuku maji ya chupa kabla mabomba hayajatengenezwa na maji hayajapimwa, utakuwa umemwadhibu asiye na fedha ya kutafuta maji kwingine. Mabomba kwanza, marufuku baadaye. Vivyo hivyo kwa chakula: ni kweli kwamba kilo ya nyama ya ng'ombe hutoa hewa ukaa nyingi mno kuliko kilo ya maharage, lakini njia ya haki ni kukipika chakula kisicho na nyama kiwe kitamu na cha bei ya chini, watu wakichague wenyewe.

Wala sisemi mnyamaze kuhusu ya nje. Wanafunzi wa Nairobi walipoingia barabarani mwaka 1999 kuutetea msitu wa Karura, baada ya Wangari Maathai na wenzake kupigwa huko, hawakuwa wakitetea mkataba wa chama chao. Siku kama hizo huja, na chama lazima kitoke. Ila kitatoka na watu wengi zaidi kama wanachama walishaona kikitimiza ya ndani, na kama waliulizwa. Rasimu hii usiipeleke barazani peke yake. Omba iende mkutano mkuu, waalike wafanyakazi wa usafi na mgahawa waje kusema, na uwe tayari jambo lako moja likataliwe.

Ukishapata daftari la matumizi, nitumie nakala ya kurasa zinazohusu zabuni tuzipitie pamoja kabla ya kikao. Mkataba wa usafi ndio ninaotaka kuuona kwanza. Nisalimie wote ofisini.

Ni mimi rafiki yako,
Salma