Risasi kwenye paneli mpya za sola

Mhariri,

Makala yenu ya juma lililopita yalizisifu paneli mpya za perovskaiti (kemikali inayopakwa nyembamba badala ya silikoni ya paneli za kawaida), na sina ubishi. Tsutomu Miyasaka wa Japani na wenzake walipozitangaza mwaka 2009, ziligeuza asilimia 3.8 tu ya mwanga kuwa umeme. Leo maabarani zimepita asilimia 26. Ila kuhusu risasi iliyomo (madini yenye sumu, si ya bunduki), mwandishi alisema ni kidogo, akapita.

Ni kidogo kweli. Mita moja ya mraba haifiki gramu moja, ilhali betri ya gari ina kilo kadhaa. Lakini mimi ni fundi wa sola hapa Mariakani, na paneli ninazozishusha haziwi zimekufa kwa uzee. Watoto huangua maembe kwa mawe. Mwaka jana nilishusha moja kwa mama mmoja wa Samburu ya Kwale, kioo kimepasuka kama utando wa buibui, na maji ya paa lile ndiyo yanayoingia kwenye tangi lao la kunywa. Ilikuwa ya kawaida, ya silikoni, kwa hiyo sikuhofu sana. Risasi tunayochomelea nyaya ni ngumu kuyeyuka majini. Ile ya perovskaiti imo kwenye chumvi ya iodidi, na mvua huichukua.

Sisi wa Pwani tuna Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa. Watu walipata sumu ya risasi kutoka kiwanda cha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Aliyezikwa hakuipokea.

Wapo wanaotumia bati badala ya risasi (madini yenyewe, si mabati ya paa). Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walipata kama asilimia 6, na sasa zimepita 15. Kwangu hiyo inatosha: mteja wa taa nne na redio ana paa tele la kuongeza paneli ya pili. Taabu ni kwamba bati likikutana na hewa huharibika upesi, na paneli ya miezi michache siwezi kumuuzia mtu.

Basi kabla mzigo wa kwanza haujashuka bandarini Kilindini, KEBS, shirika la viwango la Kenya, ilazimishe kila paneli iandikwe mgongoni kama ina risasi, na muuzaji akubali kuipokea ikivunjika. Ile ya Samburu bado imeegemea ukuta wa duka langu. Sijapata pa kuipeleka.

Fundi wa sola,
Mariakani