Mwanangu, ile beji ya wageni iache sandukuni

Bombo, Jumapili baada ya magharibi

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sisi tu wazima, na mguu wangu umepoa kidogo. Picha uliyoiweka kwenye kundi la familia imenifikia. Dada yako ameikuza kwenye simu yake mpaka nikaona kila kitu, hadi uzi uliochomoka kwenye mfuko wa kushoto. Umekonda. Umependeza pia, sikatai, na nilikimbia kumwonyesha mama wa duka la mchele hata kabla sijaitazama vizuri. Kisha nikaitazama vizuri.

Ni kile kitu kifuani. Tena kwenye kombati ya kila siku.

Utepe wa Umoja wa Afrika nauelewa. Uganda imo ndani ya Umoja huo, vijana wetu ndio waliotangulia kuingia Mogadishu Machi 2007, na wewe umekaa kule mwaka mzima. Hata huo, ungekuwa wangu, ningeungoja siku ya gwaride. Lakini ile beji, ya wale wakufunzi wa ng'ambo, ya kozi ya wiki sita, unaivaa ya nini kwenda kupanga foleni ya posho na maharage? Uliniambia kwenye simu kwamba umeitolea jasho. Nani amekataa? Jasho ulilolitoa kwa ajili ya nchi hii miaka minane halina beji hata moja pale kifuani, la wiki sita ndilo linalong'aa.

Miaka thelathini nimekaa kwenye cherehani, na maafande wananiletea sare zao za gwaride nipunguze kiuno au niongeze, maana wengi ni wa kuongeza. Mstaafu mmoja alinieleza mpangilio wenyewe. Nishani za nchi yako zinaanzia katikati ya kifua, za wageni zinakwenda mwisho, kule begani. Akasema hata hao mnaowaiga, Waingereza, askari wao havai nishani ya nchi nyingine mpaka mfalme wao aruhusu. Wamarekani wameliandika kwenye katiba yao, kwamba mwenye cheo cha serikali asipokee zawadi wala cheo kutoka dola ya kigeni bila Bunge lao kukubali. Wao wenyewe wanaona kifua cha askari si mlango wa kubandika kila tangazo. Wewe ruhusa uliomba kwa nani? Ukaniambia, "Mama, wote wanavaa." Hilo jibu ulilitoa pia ulipokuwa na miaka kumi na mbili, na unajua siku ile iliishaje.

Halafu nguo yenyewe. Ile beji ina pini mbili nyuma. Kombati ikishatobolewa pale, nyuzi zinafunguka, na ukiitoa beji matundu yanabaki, hata mimi sina namna ya kuyaficha. Cheo chako mnakivaa kwa rangi iliyofifia ili adui asijue nani wa kumlenga, kisha mtu anajiwekea kitu cha kumeta kama kioo! Unarudi Somalia mwezi ujao. Siku zile Al-Shabaab walipovamia kambi yetu ya Buulo Mareer, Mei 2023, nilikaa na simu kifuani siku mbili sijui kama umo kati ya wale 54 waliouawa. Mjane wa upande wa pili wa msikiti bado hupita hapa dukani kila asubuhi na watoto wake. Ukija likizo na kile kitu, utapita mbele yake.

Lakini si hilo linaloninyima usingizi, na nimelizunguka vya kutosha.

Wewe ni Mnubi wa Bombo. Ulizaliwa mambo yakiwa yametulia, kwa hiyo unadhani kifua ni kifua tu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne Kampala ilipoanguka, tarehe 11 Aprili 1979. Idi Amin aliingia KAR, jeshi la Waingereza huku kwetu, mwaka 1946, vita vya dunia vimekwisha, na bado kifua chake kilijaa hadi hakuna pa kuweka pini. Alijivika VC, kuiga ile nishani ya juu ya ushujaa ya Waingereza, aliyojitengenezea mwenyewe, akajiita mshindi wa dola ya Uingereza. Watu walicheka, na wengine walikuwa wanakufa. Alipoondoka, waliobaki na deni ni sisi Wanubi tulioitwa watu wake, hata ambao hatukuwahi kushika bunduki. Ukisema jina lako, mtu anakutazama kifuani kwanza. Nikiona mtoto wangu na vitu vinavyometa pale, simwoni mtoto wangu. Nisamehe, lakini ndivyo ilivyo.

Ile nyota ya babu yako ya Burma, nishani ya vita vya pili vya dunia, unaijua kwa masimulizi. Ilikuwa ya shaba, ncha sita, utepe wake mwekundu katikati, buluu huku na huku, na mstari wa chungwa ndani ya kila buluu. Naweza kuushona hata sasa nikiwa nimefumba macho. Alikuwa Batalioni ya Nne ya KAR, akatembea bonde la Kabaw mwaka 1944, mvua na malaria, na ile nyota ilikuwa ya mfalme wa mbali ambaye hakumwona hata siku moja. Alikuwa akiitoa mara moja kwa mwaka, anaifuta, anairudisha kwenye kopo la tumbaku. Sokoni alikwenda na kanzu yake tu.

Na aliwaambia kwamba walioingia nyumbani mwaka ule wa 1979 ndio walioichukua. Alikufa akiamini hivyo. Basi walioingia walichukua redio na baiskeli. Nyota hawakuikuta. Walikuwa nyumba ya tatu kutoka kwetu, yeye hayupo, na nilijua wakikuta kitu cha kijeshi humu ndani hawatauliza ni cha vita gani. Choo chetu cha shimo kilikuwa nyuma ya muembe, pale ulipojenga banda la kuku. Sitaki ulizungumze hili na mjomba wako.

Kwa hiyo itoe, mwanangu. Sisemi uitupe. Wakikupa siku moja nishani za nchi yetu, Nyota ya Rwenzori au ya Kabalega, nitakuja uwanjani kwa miguu hii na nitakushonea utepe mwenyewe. Huyo Kabalega, mfalme wa Bunyoro, alipigana na Waingereza mpaka wakamkamata mwaka 1899, na miongoni mwa waliopelekwa kumpiga walikuwamo babu zetu, kwa bunduki na sare za watu wengine. Nikifikiria hilo natamani zaidi uivae yake.

Mabati uliyotuma hela yake yameshafungwa upande wa jikoni, bado chumba cha dada yako. Posa yake imeletwa, wazee watakaa baada ya Ijumaa ijayo, na sijapenda jinsi yule kijana anavyojibu simu, lakini baba yake ni mtu wa swala. Mwambie dada yako chochote kabla hujaondoka, anakusikiliza kuliko mimi. Mkanda wa cherehani umekatika tena, nimeufunga kwa uzi wa nailoni mpaka mwisho wa mwezi. Kula. Usiuze posho yako kwa wenzako kama mara ya kwanza.

Nimeshona kifuko cha kuwekea ile beji na utepe, kwa kipande kilichobaki cha pazia la kijani, kina kamba ya kufunga mdomo. Mtoto wa shangazi yako anakuja huko kambini Singo Alhamisi, atakuletea pamoja na kisra na vitunguu. Ukubwa wake nimeukisia kwa ile picha. Kama beji haiingii, mrudishie kifuko nikipanue kabla hujasafiri.

Mama yako