Kile kitanda cha juu, rumu namba 9

Tabora, Oktoba

Shosti yangu,

Mwakeye! Habari za Gungu huko Kigoma, mama anaendeleaje na mguu wake, na pale Kibirizi biashara inatoka? Meseji yako niliipata juzi usiku nikiwa foleni ya maji, nikaisoma nikapiga kelele mpaka wadada wa rumu ya pili wakatoka wakadhani nimeona nyoka. Umepata chuo! Tena chuo chetu hiki hiki, baada ya mwaka mzima wa kukaa nyumbani unaanika dagaa na kuniambia "mwaka huu Mungu ataona". Basi ameona. Nimefurahi mno, usiku ule hata sikulala vizuri.

Ila umeniuliza kitu kwa mstari mmoja, "nishikie kitanda rumu kwenu", na mimi jibu lake halitoshi kwenye mstari mmoja ndo maana nimekaa kuandika barua. Nimebaki hosteli sababu ya fildi, yale mafunzo ya vitendo, rumu iko kimya, nina muda.

Kwanza hosteli au geto. Najua dada yako anakwambia upange mtaani uwe huru upike unavyotaka. Sawa, ila wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, umeme ununue mwenyewe, na usiku ukitoka kujisomea ni bodaboda. Mwaka wa kwanza kaa hosteli. Mwaka wa pili ndo uamue ukiwa umeshaujua mji.

Sasa hosteli yenyewe nisikufiche. Maji. Watu wanasema Tabora sa hivi ina maji ya Ziwa Victoria na kweli bomba limefika mjini, ila pampu ya kupandisha maji kwenye tenki letu ikizingua ndo basi, tunarudi kwenye koki moja ya uani hosteli nzima. Unapanga ndoo saa kumi jioni unateka saa nne usiku. Na Oktoba hii joto la hapa sio la kwetu, kule ukizidiwa unashuka ziwani, hapa bati linawaka mchana kutwa halafu usiku linakurudishia moto wote juu ya kichwa, na ukiwa kitanda cha juu cha deka ndo unakoma kabisa. Kunguni nao wapo. Muhula wa kwanza tulitoa deka zote mbili nje, tukamwagia maji ya moto kwenye maungio ya vyuma, magodoro tukayaacha juani toka asubuhi mpaka jioni, na bado wiki mbili baadae niliamka na mstari wa vipele mkononi. Njoo na neti yako mwenyewe na shuka nyeupe, kwenye shuka nyeupe utawaona mapema.

Kupika rumuni ni marufuku. Wote tunapika. Siku bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo, limesoma kila mtu anakula chipsi mayai, likikaribia kuisha ni wali maharage wa buku jero kwa mama ntilie, mmoja mnagawana wawili. Elfu kumi kwa siku ukiisikia ukiwa nyumbani unaona nyingi, ila inakuja kwa mkupuo na inaondoka kwa mkupuo. Ukiipata nunua mchele kilo kumi kwanza kabla hujaangalia hata viatu, nisikilize mimi.

Halafu kuna wale watu unaokaa nao, na hapa ndo nafika kwenye swali lako.

Rumu namba 9 tuko wanne. Mmoja wa Nzega, mmoja wa Urambo, mimi, na kitanda cha juu yangu alikuwa mdada wa Sikonge. Siku niliyofika na ndoo yangu ya dagaa, kama unavyojua mama hawezi kuniacha nisafiri mikono mitupu, niliisukuma uvunguni nikafunga mfuniko vizuri. Usiku joto likapanda na harufu ikapanda nayo. Wa Nzega akaamka akafungua dirisha, hajasema kitu. Wa Urambo alisema. Alisema sana, kwamba Waha tumezoea kulala na samaki, nikajifunika shuka nikalia kimya kimya. Yule wa Sikonge akashuka kutoka juu, akakaa kitandani kwangu gizani, akaniuliza "hao dagaa ni wale wa Kigoma wenyewe?" Nikasema ndio. Akasema "basi kesho nitaleta karanga kwa mama mkubwa, tuwakaange". Kesho yake tukawakaanga kweli na nyanya na karanga za kusaga, na wa Urambo ndo alikuwa wa kwanza kulamba sahani. Toka siku hiyo ile ndoo ikawa ya rumu nzima.

Baba yake analima tumbaku. Usiku umeme ukikatika alikuwa anatusimulia walivyokuwa wanalala nje karibu na bani, lile banda la kukaushia tumbaku kwa moto, maana ule moto hautakiwi kuzima wala kuzidi, ukizidi majani yanaungua na kazi ya mwaka mzima imeishia hapo. Wanaamshana kwa zamu kusukuma kuni, yeye akiwa darasa la nne. Halafu wanapanga madaraja, jani kwa jani, wanafunga marobota, linakuja soko. Alikuwa anajua kuangalia jani akakwambia bei yake. Mimi sijawahi kukutana na mtu wa umri wetu anayejua kitu kwa undani hivyo.

Mwezi wa tano baba yake akauza. Hela haikuja. Mwezi wa sita haijaja, akaambiwa asubiri, na humo humo kuna mkopo wa mbolea unaokatwa kwanza. Yeye mkopo wa chuo hakupata, alikuwa anasomeshwa na hiyo tumbaku. Mwezi wa saba UE, mitihani ya mwisho wa muhula, inakaribia, ada yake ina salio, na asiyemaliza ada haingii kwenye mtihani. Tulichanga shosti. Mimi nilitoa elfu hamsini, wa Nzega akauza simu yake akabaki na kitochi, wa Urambo aliyekuwa na maneno akampigia mjomba wake akalia kwenye simu kabisa. Haikufika hata nusu. Akaandika barua ya kuahirisha mwaka.

Siku anaondoka alikunja neti yake mara nne akaiweka kwenye begi, akarudisha kwa kila mtu hela yake, hakubali hata mia. Ndoo yake ya kijani akaiacha chini ya deka, ile aliyoiandika "RUMU 9" kwa makapeni. Akasema "hii nitaikuta". Mpaka leo ipo. Mwezi uliopita maji yalikatika siku nne mfululizo, tuliazima mpaka beseni za kufulia, ndoo ile hakuna aliyeigusa.

Wiki iliyopita alinipigia kwa simu ya jirani, anasema baba yake ameanza kulipwa, bado sio yote, na yeye anajiandaa kurudi. Chuo kinafungua Novemba, usajili una wiki zake mbili, tumeshaenda kwa matroni wote watatu tukamuomba kitanda kisigawiwe mpaka siku ya mwisho. Akatuangalia, akasema sawa.

Kwahiyo shosti yangu, kitanda kipo wazi, ni kweli, umesikia vizuri. Ila siwezi kukuandikia jina. Wewe ni mtu wangu toka tunavunja maembe pale Ujiji tukiwa na sare za shule ya msingi, na nimekaa siku mbili nikitafuta namna ya kulisema hili lisikuumize, nimeona hakuna namna nyingine zaidi ya kulisema tu. Akifika akukute umelala pale, hata kama utahama saa hiyo hiyo, atajua hatukumsubiri. Na asipofika, usinisukume nikwambie uhamie siku hiyo hiyo, nitahitaji muda kidogo.

Usiogope lakini, sijakaa bure. Nimezunguka hosteli nzima. Rumu namba 14 wanatoka wawili wanaenda kupanga mtaani, waliobaki ni watulivu, mmoja anasali sana alfajiri ila kwa sauti ya chini. Rumu zenyewe zinatazamana na miembe na ukifika Novemba maembe yatakuwa yanaanza, utajiona uko nyumbani. Jumamosi moja nitakupeleka Kwihara, kwenye lile tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 baada ya kutoka kwetu Ujiji, sisi tulienda rumu nzima tukala mihogo njiani, ni siku ninayoikumbuka sana.

Treni ikichelewa ikaingia usiku wa manane nipigie tu, usipande bodaboda peke yako na mizigo, tutakuja stesheni. Chukua dagaa kilo mbili na mawese chupa moja, mfuniko uzungushie nailoni maana yangu yalimwagikia kwenye vyeti. Vyeti viweke begi la mkononi.

Kitanda chako kule rumu 14 ni cha chini, cha ukutani, mbali na mlango. Jana nimekifuta kwa dettol nikatandika mkeka wangu juu yake, watu wajue kina mwenyewe.

Msalimie mama sana.

Ni mimi, wa Ujiji